Njiwa Huyu Ni wa Nani? Alama za Amani na Uhuru Ukutani

MWANAIDI: Hamjambo wasikilizaji, karibuni. Leo tuko na kuta. Michoro ya barabarani inayosema amani, inayosema uhuru, na zaidi zile alama zenyewe. Kaka Kazungu, tuanze na njiwa, maana ndiye anayechorwa na kila mtu.

KAZUNGU: Na ndiye anayeharibiwa na kila mtu, dada Mwanaidi. Njiwa na jani la mzeituni ni wa tangu safina ya Nuhu. Huyu wa mabango alienea baada ya 1949, picha ya Picasso ilipotumiwa kwenye bango la mkutano wa amani kule Paris. Sasa mlete ndege huyo Mombasa. Njiwa wa Kiswahili ana kazi nyingine: yeye ni tarishi, anapeleka salamu kwa mpenzi. Mchore peke yake ukutani, mtu wa taarabu ataona barua ya mapenzi.

MWANAIDI: Na wa kanisani ataona Roho Mtakatifu.

KAZUNGU: Hasa ukimchora kichwa chini, mabawa yamekunjuliwa sawasawa kulia na kushoto, miale ya mwanga nyuma. Huyo anashuka. Wa amani huruka ubavu, anatoka upande mmoja kwenda wa pili, na jani mdomoni. Tofauti ni mkao tu, lakini mpita njia anausoma mkao kabla hajamsoma ndege.

MWANAIDI: Hilo jani nalo lina visa vyake. Pwani yetu haina mizeituni, kwa hiyo fundi huchora jani analolijua.

KAZUNGU: Shina jekundu, majani ya mviringo, basi: njiwa kabeba miraa.

MWANAIDI: (anacheka) Na mtaa mzima utakuja kupiga picha.

KAZUNGU: Jani la mzeituni ni jembamba, limechongoka, na hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kijiti. Juu ni kijani kizito, chini lina rangi ya fedha iliyofifia. Majani matano au saba yanatosha. Ukiweka ishirini, kutoka ng'ambo ya barabara unaona kichaka.

MWANAIDI: Wengine wanasema njiwa amechoka, atafutwe ndege mwingine.

KAZUNGU: Hajachoka, ila amezoeleka. Dawa ya alama iliyozoeleka ni kuivisha kitu kisichofanana nayo. Kule Bethlehem kuna njiwa wa Banksy, mchoraji wa kuta wa Uingereza: mabawa wazi, tawi mdomoni, yote ya kawaida. Ila amevaa fulana ya kuzuia risasi, na kifuani ana alama nyekundu ya shabaha. Hakuna neno hata moja pale. Fulana peke yake inakwambia amani hapa inatembea ikiwindwa. Angeongeza na bunduki, na mizinga, na machozi, ingekuwa katuni tu. Kitu kimoja kigeni, basi.

MWANAIDI: Tumgeukie ndege wa pili, wa Nairobi. Mapema mwaka 2012, barabara ya Muindi Mbingu karibu na City Market, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walimweka ukutani mwanasiasa mwenye kichwa cha ndege wa mizoga, kakaa kitini na suti yake.

KAZUNGU: Tumbusi aliyevaa tai! Na Kiswahili kinatutegea mtego hapo, kwa sababu watu wengi wanamwita tumbusi "tai". Tai ni ndege wa heshima, anawinda mwenyewe. Tumbusi anangoja ufe. Kwa hiyo mchoraji hana budi kuwatenganisha, na kinachowatenganisha ni shingo. Shingo ya tumbusi ni tupu au ina vinyweleo tu, ngozi imekunjamana, kichwa kimezama kati ya mabega kama mtu anayesikia baridi. Ukimjazia manyoya shingoni na kumnyoosha mgongo, umemtunuku nishani badala ya kumshtaki.

MWANAIDI: Lakini huo ni mchoro wa uhuru kweli? Mimi naona hasira.

KAZUNGU: Mimi nauhesabu wa uhuru kuliko minyororo yote iliyokatika unayoiona kwenye kuta. Unamwambia mpiga kura kwamba huyu anayekula yuko pale kwa kura yako. Mnyororo hauna mtu ndani yake. Na kwetu Pwani mnyororo si pambo. Pale Mkunazini, Unguja, kuna sanamu za watumwa za mwaka 1998, watu watano shimoni, na mnyororo shingoni mwao ni mnyororo halisi. Mtu aliyeuona ule, akija kukuta mnyororo umechorwa nje ya duka la simu, anaona mzaha.

MWANAIDI: Na anayeutaka hata hivyo?

KAZUNGU: Achore pete moja iliyofunguka. Kosa la kawaida ni kuacha pengo safi katikati, kama mnyororo uliouzwa vipande viwili. Chuma kikivunjwa kwa nguvu hupinda kwanza: ncha zinaachana, moja inaangalia juu, nyingine chini. Hapo ndipo jicho linaamini.

MWANAIDI: Twende Kibera. Wakati wa vurugu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mchoraji wa huko anayejiita Solo7 hakuchora ndege. Aliandika maneno kwenye kuta na vibanda: "Keep Peace", na lile la "Peace Wanted Alive", yaani amani inatafutwa, ikiwa hai.

KAZUNGU: Hilo la pili limegeuza tangazo la polisi la kumsaka mhalifu. Akili kubwa. Na alifanya sawa kuacha picha, kwani picha inataka mtu asimame, na mtaa ukiwaka hakuna anayesimama. Hesabu ya herufi ni hii: kila mita 1.2 ya umbali, sentimita 1 ya kimo. Msomaji akiwa mita 30, herufi iwe na sentimita 25. Gari la kilomita 40 kwa saa linakata mita 11 kila sekunde, kwa hiyo abiria akipita ukuta wa mita 30 ana sekunde tatu hivi. Maneno matatu anayapata. Manane hayapati.

MWANAIDI: Kisha kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji wakapewa treni ya abiria inayopita Kibera, wakaipaka ujumbe wa amani.

KAZUNGU: Kumbuka reli hiyo iling'olewa na vijana wakati wa zile vurugu. Kwa hiyo treni yenyewe ikawa alama hata kabla ya rangi. Mahali pa kuchora ni nusu ya maana.

MWANAIDI: Vibanda vya huko ni mabati. Rangi inashika?

KAZUNGU: Mabati mapya yanaikataa. Yana zinki juu, na rangi ya mafuta ikikutana na zinki hugeuka polepole kuwa kama sabuni. Miezi michache, inabanduka kama ngozi ya nyoka, halafu fundi anamlaumu muuza duka. Osha kwa maji na sabuni mpaka ule ulaini wa kiwandani utoke, suuza, kausha, paka praima, yaani rangi ya msingi, ya mabati ya zinki, ndipo rangi. Mabati ya kutu ni brashi ya waya kwanza, kisha praima nyekundu ya kuzuia kutu.

MWANAIDI: Na plasta?

KAZUNGU: Plasta mpya ingoje siku 28, la sivyo saruji itakula rangi na chumvi nyeupe itatokea juu ya njiwa wako. Kuta za kale za mawe na chokaa, kama za Mji wa Kale, usizipake rangi ya plastiki. Unyevu unakosa pa kutokea, yanatoka malengelenge. Chokaa iliyotiwa rangi ndiyo yake.

MWANAIDI: Stensili je, ile karatasi iliyokatwa umbo unayoipulizia rangi? Vijana wengi ndiyo wanayoanza nayo.

KAZUNGU: Njiwa wa sentimita 60, manila nzito inatosha. Jicho likatie daraja, ule ukanda unaolishikilia lisianguke, upana milimita 8. Likiwa jembamba zaidi, linakatika kwenye mpako wa tatu. Spreyi ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka ukutani, mipako miwili au mitatu myepesi. Ukisogea karibu rangi inachuruzika, na njiwa mweupe akichuruzika huonekana analia. Kingo zikiwa na ukungu, jua karatasi haikulala. Kwenye plasta yenye kokoto haitalala kamwe, tumia sponji. Na njiwa mweupe anataka nyuma yake rangi ya giza. Mweupe juu ya krimu hayupo.

MWANAIDI: Rangi za nyuma nazo zina wenyewe.

KAZUNGU: Eh! Hapo wengi wanaumia. Njiwa juu ya kijani na njano Dodoma, umeipigia CCM debe. Rangi ya chungwa Kisumu ni ODM. Njano tupu Eldoret ni UDA. Vidole viwili vya amani Tanzania ni saluti ya CHADEMA, na Kenya, waliokuwepo mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakumbuka vidole viwili vya vyama vingi dhidi ya kidole kimoja cha KANU. Usichore mkono.

MWANAIDI: Na lile duara la amani lenye mistari ndani?

KAZUNGU: La Gerald Holtom, 1958, maandamano ya Uingereza dhidi ya silaha za nyuklia. Mistari ni herufi N na D, yaani "Nuclear Disarmament", kuondoa silaha za nyuklia, kwa ishara za bendera za mabaharia. Mstari wa katikati lazima ushuke mpaka chini. Ukiishia katikati, umechora Mercedes.

MWANAIDI: Ndiyo maana ziko nyingi kwenye matatu.

KAZUNGU: (anacheka) Mimi kwa ukuta wa Kenya ningechagua bendera. Mistari myeupe myembamba ndiyo amani yenyewe: mwaka 1963 rangi za KANU, nyeusi, nyekundu na kijani, ziliongezewa nyeupe. Kila mtu anaikumbuka ngao, mistari anaisahau. Ukiisahau, umerudisha bendera ya chama.

MWANAIDI: Tupe vipimo.

KAZUNGU: Uwiano ni 6, 1, 6, 1, 6. Ukuta wa kimo cha mita 2, upana mita 3: nyeusi sentimita 60, nyeupe 10, nyekundu 60, nyeupe 10, kijani 60. Paka eneo lote nyeupe kwanza. Ni mita 6 za mraba, na plasta ya kukwaruza inakula lita moja kwa mita 7 hivi, kwa hiyo mipako miwili ni lita 2 kasoro kidogo. Ikikauka, bandika masking tepu kwenye kingo za mistari, uipitishie nyeupe nyembamba pembeni ili rangi nyingine zisipenye chini yake. Kisha rangi tatu.

MWANAIDI: Na tepu inatoka lini?

KAZUNGU: Rangi ya mwisho ikiwa bado mbichi kidogo. Ivute polepole ukiirudisha nyuma juu yake yenyewe. Ukingoja kesho, rangi na tepu zimekuwa ngozi moja: unang'oa nyekundu na vipande vya amani pamoja.

MWANAIDI: Na ngao?

KAZUNGU: Ngao na mikuki tuwape kipindi kijacho. Ile ina hesabu yake.