Kinu, Uji na Kidonge cha Siku Nzima

Mabibi na mabwana, wanaonifahamu wamekwisha kukisia kwamba maneno yangu juu ya dawa zisizofaa kutwangwa nitayaanza na kinu, nao hawakukosea. Kabla ya hapo, nazitia chembe za kapsuli moja ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, katika bilauri hizi mbili, moja ikiwa na maji ya ndimu na nyingine maji ya magadi, na tutazirudia.

Mama mmoja alimleta mavyaa yake kwangu akiwa ameiva uso, moyo ukimwenda mbio, na kila akisimama anataka kuanguka. Bibi alikuwa akitumia nifedipini ya kutolewa polepole kwa ajili ya shinikizo la damu, lakini kumeza kulimshinda, basi mkwewe, kwa wema wake wote, akawa anakitwanga kidonge na kukikoroga katika uji. Nilipouliza kimetwangwa kwa kitu gani, alifungua kanga akanionyesha kinu chenyewe, bado kinanuka kitunguu saumu. Dawa iliyokusudiwa kumtosha bibi tangu asubuhi hadi asubuhi ilikuwa imeingia mwilini karibu yote kwa mkupuo, na shinikizo likaporomoka.

Kidonge cha namna ile hakikuwa unga ulioshindiliwa tu. Dawa ilikuwa imefumbatwa ndani ya hipromelosi, polima, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, inayotokana na selulosi ya mimea, ambayo ikiguswa na maji huvimba na kufanya utelezi mzito kama wa bamia, hata dawa ikalazimika kuupenya kidogo kidogo kwa saa nyingi. Mchi uliuvunja mpango wote huo.

Najua yupo anayejiandaa kunikatiza kwamba daktari alimruhusu kufungua kapsuli ya omeprazoli na kumwaga chembe zake katika chakula laini. Sikatai, ila kufungua si kusaga! Kapsuli ile ni mfuko tu. Kinga imo katika kila chembe, iliyovikwa kopolima (polima ya mchanganyiko) ya asidi methakriliki isiyoyeyuka katika asidi ya tumbo, bali huyeyuka katika utumbo mwembamba, pH, kipimo cha ukali wa asidi ambacho hupanda asidi inapopungua, inapopita kama 5.5. Bila vazi hilo, omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayotumwa kuipunguza, kwa maana kazi yake huifanya baada ya kufyonzwa utumboni na kurudi kwa njia ya damu kwenye seli za tumbo.

Wengine husema ganda ni urembo wa kupandishia bei. Yako maganda ya kuficha uchungu tu, na hayo hayanigombanishi na mtu. Lakini mkiona SR, XR, MR au neno retard kwenye pakiti, alama za dawa ambayo utolewaji wake umepangwa, mara nyingi polepole, muulizeni mfamasia kwanza, naye akiwajibu kwa haraka mno, muulizeni tena.

Nilikusudia kueleza kwa kirefu polima za asidi laktiki na asidi glikoliki, ambazo huvunjikavunjika mwilini zenyewe na kuwezesha sindano ya leuprorelini, dawa ya homoni kwa saratani ya tezi dume, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, kudumu mwezi mzima, lakini mwenyekiti ananionyesha saa, na nusu ya muda wangu imeliwa na kile kinu, kama kawaida.

Basi zipokezaneni bilauri. Katika maji ya ndimu, yaliyo na asidi kama tumbo, chembe zingali nzima, mnaweza kuzihesabu. Katika magadi, yasiyo na asidi, yanayosimama mahali pa utumbo, mtaona ukungu, na chembe zilizobaki zimelegea, zinapondeka mkizigusa kwa kijiko.