Honda Fit Haibridi: Sifa Zake, Klachi Zake na Foleni ya Likoni

SALMA: Assalamu aleikum, karibuni tena kwenye kipindi. Leo ni zamu ya Honda Fit haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ile ambayo mafundi huiita kwa namba yake ya chasi, GP5. Simama darajani Nyali hapa Mombasa saa kumi na moja jioni, utaziona zikipita kimya kama paka. Mimi mwenyewe ninayo, kwa hiyo fundi wetu Kaka Rashidi akiitukana leo nitamjibu.

RASHIDI: Sina haja ya kuitukana, dada. Mimi naifungua tu boneti. Matusi huja na wenyewe.

SALMA: (anacheka) Haya. Anza na wewe, maana swali tunaloulizwa kila siku ni moja: gari limeshuka melini juzi, linang'aa, kilomita chache, mbona baada ya miezi mitatu dashibodi inawaka taa kama harusi?

RASHIDI: Kwa sababu matatizo yake mengi hayakuanzia hapa. Yalianzia Japani, na yameandikwa. Gari hili lilitoka Septemba 2013. Honda walitangaza kilomita 36.4 kwa lita moja, kwa kipimo cha Kijapani cha JC08. Wakati ule haibridi mwenzake, Toyota Aqua, ilikuwa na 35.4. Kwa hiyo Fit ikawa juu, ingawa kwa miezi michache tu, Toyota nao wakajibu.

SALMA: Zile ni kilomita za maabara, tuelewane. Yangu hapa mjini, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, hunipa kama ishirini hivi. Nikienda Malindi kwa mwendo wa taratibu hupanda kidogo. Silalamiki hata kidogo, nilikotoka kulikuwa na gari la kunywa mafuta kwelikweli.

RASHIDI: Ishirini ni nzuri. Ukimsikia mtu anakwambia anapata thelathini na sita kwenye foleni ya Changamwe, mwambie akuuzie na hiyo foleni. Sasa, kilichofuata baada ya 2013 ni kwamba Honda waliyaita magari hayo yarudi kurekebishwa mara tano ndani ya kama mwaka mmoja. Mara tano! Mengi yalihusu programu ya kompyuta inayoendesha gia: gari linaweza kukataa kuingia gia, au linachelewa kuondoka. Halafu Julai 2014 ukaja wito mwingine, safari hii gari lingeweza kuongeza kasi kwa ghafla. Oktoba mwaka huohuo ukaja wa tano, mambo ya koili za kuwashia. Rais wa Honda wa wakati ule, Takanobu Ito, akakatwa asilimia 20 ya mshahara kwa miezi mitatu, na wakubwa wenzake nao wakakatwa.

SALMA: Bosi kukatwa mshahara kwa sababu ya gia boksi. Natamani ugonjwa huo uambukize.

RASHIDI: Uambukize kweli. Lakini sikiliza jambo ambalo mnunuzi wa hapa halifikirii. Kenya gari haliingii likizidi miaka minane. Mwaka 2021 ulikuwa unaweza kuleta la 2014, mwaka 2022 la 2015, na kuendelea hivyo. Kwa hiyo yale ya mwanzo kabisa, yaliyoitwa mara tano, yaliingia zamani na sasa yako mikononi mwa watu, yanauzwa mtu kwa mtu. Hayo ndiyo ya kuuliza maswali. Yanayoshuka bandarini sasa ni ya baada ya maboresho ya Juni 2017. Si magari mawili tofauti, gia boksi ni ileile, lakini programu yake imekomaa.

SALMA: Na mtu atajuaje kama gari lake lilirekebishwa kule?

RASHIDI: Namba ya chasi. Tovuti ya Honda ya Japani ina mahali pa kuandika namba ya chasi, GP5 na tarakimu zake, ikakwambia kama kuna kazi haijafanywa. Ni Kijapani kitupu, lakini simu yako itakutafsiria. Ni bure. Watu wanalipa fundi kubahatisha na jibu liko pale.

SALMA: Sasa tuingie kwenye hiyo gia boksi, maana ndiyo roho ya mazungumzo. Watu wanadhani haibridi zote ni sawa. Mtu ametoka kwenye Aqua, anaingia Fit, anaendesha vilevile.

RASHIDI: Hapo ndipo panapoharibika. Aqua haina klachi ya kusuguana unapoondoka. Fit GP5 ina gia saba na klachi mbili, tena kavu, hazikai ndani ya mafuta. Mota ya umeme imefungwa humohumo ndani ya gia boksi, upande wa gia za witiri: moja, tatu, tano, saba. Betri ikiwa na chaji, gari linaondoka kwa mota, injini imelala. Hapo klachi hazichoki. Lakini betri ikishuka, injini ndiyo inayoliondoa gari, na injini haiwezi kuliondoa bila klachi kuteleza kidogo kidogo. Kuteleza ni msuguano, na msuguano ni joto.

SALMA: Na foleni yetu ni ya kusogea hatua mbili, unasimama. Hatua mbili, unasimama.

RASHIDI: Na kiyoyozi kinakula betri hiyohiyo. Sasa mpeleke Likoni. Umepanga foleni ya feri dakika arobaini, jua kali, kiyoyozi mwisho, betri imeshuka mpaka vijiti viwili. Halafu maji ya bahari yamekupwa, ile njia ya kushukia kwenye feri imekuwa mwinuko mkali. Ukivuka upande wa pili unapanda ule mlima huku walio mbele yako wamesimama. Wewe unashikilia gari kwa mafuta, hutaki kukanyaga breki kwa kuwa aliye nyuma anapiga honi. Dakika mbili tu hivyo, klachi imepikwa.

SALMA: Na taa inawaka na maneno ya Kijapani ambayo huyasomi.

RASHIDI: Inakwambia gia boksi imepata joto kupita kiasi, simama. Dereva anaona maandishi, anadhani gari linamwamkia, anaendelea.

SALMA: Wengi tunaishi na hiyo dashibodi ya Kijapani kama tunavyoishi na mpangaji asiyesema. Mimi nilizipiga picha taa zote na maana zake nikaziweka kwenye simu. Sasa niambie, dereva wa Likoni afanye nini? Asiende kwao?

RASHIDI: Aende. Lakini asisogee kila mwenzake anaposogea. Aache nafasi ipatikane, kisha aondoke mara moja, aende, asimame kabisa. Kwenye mlima akanyage breki, gari lenyewe linashika sekunde chache kabla ya kurudi nyuma, aitumie nafasi hiyo. Na foleni ikisimama kabisa, aweke P. Watu wanapenda kuweka N, na kwenye N betri haipati chaji, kwa hiyo unaiua polepole ukidhani unaipumzisha. Au azunguke kwa barabara ya Dongo Kundu, isiyohitaji feri, kama safari yake inaruhusu.

SALMA: Dongo Kundu si kwa anayeishi Mtongwe, kaka. Azunguke nchi nzima kwenda kununua mkate?

RASHIDI: Sawa, huyo wa Mtongwe, tuseme kweli, nisingemuuzia gari hili.

SALMA: Aa, sasa umesema jambo. Kwa hiyo unasema gari linachagua mtaa?

RASHIDI: Linachagua. Mtu wa Kilifi anayekuja mjini asubuhi na kurudi jioni, barabara imenyooka, atalifurahia miaka. Mtu wa kupanda na kushuka Likoni kila siku, achukue lenye gia boksi ya mkanda badala ya klachi mbili, yaani CVT.

SALMA: Tutafika huko. Kwanza nataka uwaseme mafundi wenzako. Kuna shemeji yangu, gari lake lilianza kuruka gia ya pili, linashtuka. Akapeleka gereji moja, siitaji, wakamwambia gia boksi imekufa, alete nyingine kutoka Japani. Bei waliyomtajia ungeweza kununua pikipiki mbili. Akapeleka kwa mwingine, yule akabadilisha mafuta ya haidroliki yanayosukuma klachi, akatoa hewa, akaiunganisha kompyuta akaifundisha klachi upya mahali pa kushikia. Kwisha.

RASHIDI: Kufundisha klachi ndiyo hatua inayorukwa. Gia boksi ile inakumbuka klachi ilipokuwa inashika. Klachi ikiliwa, au mafuta yakibadilishwa, lazima iambiwe upya. Fundi asiye na mashine inayozungumza na Honda hawezi, atakuambia nunua nyingine. Si mwizi lazima, hana kifaa tu.

SALMA: Wengine ni wezi.

RASHIDI: Wengine ni wezi. Na kosa jingine la gereji zetu ni mafuta. Fit ya kawaida ya 1.3 ina CVT, inatumia mafuta ya gia boksi ya Honda yanayoitwa HCF-2. Fundi anaona neno Fit, anamwaga HCF-2 kwenye haibridi. Si gia boksi moja! Soma kitabu cha gari, au angalau soma chasi. GK3 ni ya mkanda, GP5 ni ya klachi mbili.

SALMA: Kiyoyozi. Hapa Mombasa kiyoyozi si anasa.

RASHIDI: Kiyoyozi cha GP5 ni kizuri sana kwa sababu kompresa yake inaendeshwa kwa umeme. Injini ikizima kwenye taa za barabarani, ubaridi unaendelea. Lakini kwa kuwa ndani kuna umeme mkubwa, oili yake ni ya aina isiyopitisha umeme. Ukimpelekea fundi wa barabarani anayejaza gesi na kupiga oili ileile ya magari yote, amechafua mfumo. Unaanza kupata makosa ya umeme kuvuja, gari linakataa kuwaka, na hakuna atakayeunganisha hayo na gesi uliyojaza wiki iliyopita. Hili hunisikitisha kuliko gia, maana gia angalau ni uzee.

SALMA: Na betri kubwa? Watu wanaiogopa kama jini.

RASHIDI: Ni lithiamu, iko chini ya sakafu ya buti. Inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Ukipakia magunia ya nazi mpaka ukaziba njia ya hewa, au feni ikajaa manyoya na mchanga, betri inapata joto, kompyuta inaizuia isifanye kazi sana, na klachi ndizo zinazobeba mzigo. Unaona mduara? Mtu anabadilisha klachi, kumbe feni ya betri imeziba. Isafishe, haigharimu kitu.

SALMA: Na ile betri ndogo ya volti 12 usisahau. Ikichoka, taa zote huwaka pamoja, unadhani gari zima limekufa. Wanawake wenzangu wameliwa pesa nyingi hapo. Pimeni hiyo kwanza.

RASHIDI: Kweli kabisa.

SALMA: Mimi niseme mazuri, maana kipindi kimekuwa cha msiba. Viti vya nyuma vinainuka, kile cha kukalia kinasimama wima, kwa sababu tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Nimebeba friji ndogo imesimama wima, na mtungi wa gesi pembeni. Gari halifiki mita nne! Kubaya ni chini: milimita 135 tu kutoka ardhini. Kila tuta la Kisauni linanijua. Na redio ya Kijapani inaishia kwenye masafa ya tisini na kitu, stesheni nyingine huzipati mpaka ufunge kifaa. Hayo mimi nimeyasamehe.

RASHIDI: Shokapu za mbele na bushi zinakufa mapema kwa matuta hayo, lakini hizo ni spea za kawaida, zipo. Tusipoteze muda.

SALMA: Msikilizaji wa Tanga ametuuliza: achukue GP5 au GK3 ya petroli? Ana safari za mjini na mara moja moja Dar.

RASHIDI: GK3. Injini 1.3, CVT, kipimo cha Japani ni kilomita 26 kwa lita kwa toleo la kawaida. Atapoteza mafuta kidogo, atapata fundi popote. Na kama mfuko unaruhusu, achukue Fit mpya iliyotoka Februari 2020, ile haibridi inayoitwa e:HEV. Honda wenyewe waliiacha ile gia boksi ya klachi mbili, wakaweka mota mbili, mwendo wa mjini unakwenda kwa umeme. Walijua.

SALMA: Mimi ningemwambia achukue GP5 ya 2018 kwenda mbele, karatasi ya mnada wa Japani inayoeleza hali ya gari iwe safi, namba ya chasi imeangaliwa, na amtafute fundi kabla hajatafuta gari. Tanga hakuna Likoni.

RASHIDI: Tanga kuna joto.

SALMA: Joto peke yake haliui klachi, umesema mwenyewe.

RASHIDI: Nimesema foleni, mlima na joto. Ana moja kati ya matatu. Haya, achukue. Lakini akija na gari kwangu, aje na risiti ya mara ya mwisho alipobadilisha mafuta ya gari.

SALMA: Umesikia, Tanga. Wiki ijayo ni Mazda Demio ya dizeli na lile chujio la moshi linaloziba. Mwenye maswali ayatume mapema, maana Kaka Rashidi hilo gari analo nje, boneti iko wazi, na mwenyewe hajaambiwa bei.