Pafu Si Puto
(Mhadhara kwa waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi, wa Kilimanjaro, Moshi)

Shikamooni wazee. Vijana, habari zenu.

Hili ni pafu la mbuzi, nimelinunua buchani asubuhi. Wewe wa mbele, shika kisu, kata katikati. Umeona uwazi? Haupo. Ni kama sifongo, na ukilitia kwenye beseni la maji linaelea kwa hewa iliyobaki ndani. Kila mwaka nakuja na pafu, na kila mwaka naambiwa, "Daktari, mapafu ni maputo mawili." Siyo!

Bomba la hewa linagawanyika matawi mawili, kila tawi linagawanyika tena, hatua kama 23, hadi kwenye vifuko vidogo mno. Mtu mzima anavyo zaidi ya milioni 300. Ukivitandaza, vinafunika karibu mita za mraba 70. Nyumba nzima hiyo, kifuani mwako! Kila kifuko kimezungukwa na vishipa vyembamba, chembe nyekundu za damu zinapita mojamoja kwa foleni. Ukuta kati ya hewa na damu haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Oksijeni inapenya kuingia, hewa ya ukaa inapenya kutoka, kila moja ikikimbia penye shinikizo kubwa kwenda penye dogo.

Sasa twende mlimani. Pale kileleni Uhuru, mita 5,895, oksijeni ni asilimia 21 ileile ya hapa Moshi. Kilichoshuka ni shinikizo la hewa, karibu nusu. Mtaniambia, "Sisi tumezaliwa mlimani." Mmezaliwa Marangu na Machame, kwenye migomba! Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, iko juu ya mita 4,700; kuna mgomba kule? Kule juu mapafu ya mgumu yanaweza kujaa maji kama ya mgeni, na maji yakijaa, ule ukuta mwembamba hauna kazi tena. Mwenzako akihema hata akiwa amekaa, akikohoa povu, mshusheni usiku huohuo. Msiseme "apumzike kwanza". Kijana mmoja alipumzishwa hivyo; tulimpokea hawezi kumaliza sentensi.

Ya sigara nayaacha, muda umekwisha. La jiko siliachi. Jiko, hata la gesi, lisiwake ndani ya hema lililofungwa. Linatoa monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu, nayo inaing'ang'ania hemoglobini, ile inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu, zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Vifuko vizima, ukuta mzima, lakini siti zote zimekaliwa. Jiko litoke nje, hata kama theluji inaanguka.