Kijana Aliyezaliwa na VVU na Ukimya wa Nyumbani

Ndugu wazazi na walezi, walimu, na watumishi wenzangu wa afya,

Nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumza hapa Mbeya juu ya vijana waliozaliwa na virusi vya ukimwi, jambo ambalo katika nyanda hizi haliko mbali na nyumba ya mtu yeyote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kuwa Njombe inaongoza nchini kwa maambukizi miongoni mwa watu wazima, kwa asilimia 12.7, ikifuatiwa na Iringa na Mbeya. Kabla serikali haijaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo mwaka 2004, wengi wa watoto waliozaliwa na maambukizi walifariki wakiwa wadogo. Leo watoto kama hao wanakua na wako sekondari, wengi wao wakimeza kidonge kimoja tu kwa siku. Upande wa tiba tumefika pazuri. Tulipokwama ni kwenye mazungumzo ya nyumbani.

Mtoto huambiwa kwamba anakunywa dawa ya kifua, na maelezo hayo humtosha hadi anapojua kusoma. Siku moja, akiwa kwenye benchi la kliniki akisubiri jina lake liitwe, husoma bango lililobandikwa ukutani, akaligeuza kopo la dawa alilolishika, kisha akanyamaza. Vijana wanaogundua hivyo hutuambia kwamba kilichowauma kuliko ugonjwa wenyewe ni kujua kuwa mama, shangazi na nesi walikuwa wakijua siku zote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2011, linashauri mtoto aelezwe hali yake akiwa na umri wa kwenda shule, kati ya miaka 6 na 12, kwa hatua zinazolingana na uelewa wake.

Simlaumu mama anayechelewa. Analiogopa swali moja, “Nilipataje?”, kwa sababu jibu lake linamgusa yeye na mumewe, pengine na kaburi lililo nyuma ya nyumba. Hali ya bibi aliyeachiwa wajukuu ni nzito zaidi, kwani hana hakika kama siri ya marehemu mwanawe ni yake kuitoa. Kwa walezi hawa ninasihi: msilibebe peke yenu, mwombeni mshauri wa kliniki mkae naye pamoja na mtoto, na mtoto akilia au akikasirika, mwacheni amalize.

Shule za bweni zina ugumu wake. Kopo la vidonge hulia likitikisika ndani ya tranka, na wapo wanaolijaza pamba ili wenzao wasilisikie. Wengine huruka dozi kwa sababu tu bweni lilikuwa limejaa watu. Dawa inayotumika sasa inaweza kumezwa asubuhi au jioni, mradi saa isibadilikebadilike, hivyo kijana mwenyewe achague saa anayopata faragha. Kama ni lazima matroni ajulishwe, kijana aulizwe kwanza kama anamwamini, na akitaja mwalimu mwingine, basi mzazi aende kuzungumza na huyo.