Kipimo cha Utumbo na Swali la Zambarau

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za mchana. Nimeombwa nizungumzie kipimo cha utumbo mpana, kile cha kamera, lakini naona wengi mnataka kwanza kujua kama mnaweza kula zambarau na forosadi kabla ya kipimo. Kuleni, ila si siku za kujiandaa.

Kamera iko kwenye ncha ya mpira mwembamba, na daktari anakagua ukuta wa utumbo kwa macho. Juisi ya zambarau au rozela ikibaki mle ndani, inafanana na damu. Mbegu ndogo za forosadi na stroberi nazo huziba tundu la kunyonyea maji. Ndiyo maana mnaambiwa mziache siku kadhaa kabla, na siku ya mwisho mbaki na chai ya rangi, supu iliyochujwa, maji ya dafu.

Dawa ya kusafisha tumbo ndiyo hasa inayolalamikiwa, kuliko kipimo chenyewe. Iwekeni kwenye friji, mnywe kwa mrija taratibu. Mkiambiwa nusu jioni na nusu alfajiri, msiimalize yote jioni ili mlale; ikigawanywa husafisha vizuri zaidi. Na mafuta ya mgando yapakeni huko nyuma mapema, kabla ngozi haijaanza kuwaka. Mtanishukuru.

Siku hiyo huenda ukachomwa sindano ya usingizi, na kuna wanaozimia wakiona sindano. Hao tumezoea kuwaambia, "Tulia, legeza mwili." Kumbe presha yao ndiyo inayoshuka! Miaka ya 1980 mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, alifundisha kinyume chake: kaza mapaja, tumbo na mkono usiochomwa, sekunde 10 hadi 15, mpaka uso upate joto, pumzika kidogo, rudia. Mwambie muuguzi mapema, akulaze.

Chumbani utalala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Tumbo litajaa hewa na kusokota. Ushuzi ukija, uachilie. Sisi wahudumu tunaufurahia kuliko wewe.

Baada ya hapo, daktari akikuruhusu kula, rudi kwenye zambarau zako. Rangi ile hutokana na anthosiani, yaani rangi asilia ya mimea, na tunda lina nyuzinyuzi zinazosaidia choo. Lakini hakuna tunda linalotibu saratani wala "kuondoa sumu", na sioni haja ya kununua bluberi zinazoletwa kwa ndege kwa bei ile. Gramu 100 za stroberi zina takriban miligramu 60 za vitamini C. Pera la uani kwako linazizidi zaidi ya mara tatu.

Mwenye kisukari anayetumia unga wa kokwa za zambarau asiufiche, na dawa zake za hospitali asiache kwa ajili yake. Aulize dozi ya siku ya kufunga kwa ajili ya kipimo iweje, maana sukari inaweza kushuka. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu naye aseme siku tarehe inapopangwa, si asubuhi ya kipimo. Na ukichomwa dawa ya usingizi, njoo na mtu wa kukurudisha. Siku hiyo huendeshi gari wala bodaboda.

Haya, mama pale nyuma, nimeona mkono wako.