Boridi za metali: ngumu kama kauri lakini umeme unapita

Haya jamani, tuanze. Ukichukua elementi ya boroni ukaiunganisha na metali kama titani, zirkoni au hafni kwenye joto kali unapata boridi, kitu kigumu kweli kweli, ila mimi naomba msiishie kwenye ugumu, vitu vigumu viko vingi, habari yenyewe ni kwamba hizi zinapitisha umeme.

Chukua titani diboridi, yaani boridi ya titani. Inayeyuka karibu nyuzi 3,200 za Selsiasi, wakati chuma ni kama 1,500 tu, halafu ni nyepesi kuliko chuma, gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo. Ndani yake kuna tabaka la boroni lenye pembe sita sita, juu yake tabaka la titani, tena boroni, hivyo hivyo. Boroni zilivyoshikana ndo zinaleta ugumu, elektroni za titani ndo zinabeba umeme.

Sasa chana paketi ya krispi uangalie ndani, ule mng'ao ni aluminiamu nyembamba mno. Kiwandani wana kidau, yaani kichombo kidogo cha kuyeyushia, cha titani diboridi iliyochanganywa na kauri iitwayo boroni nitridi, kimekaa kwenye tangi lililonyonywa hewa, umeme unapitishwa kwenye kidau chenyewe mpaka kinapita nyuzi 1,400, waya wa aluminiamu unashuka taratibu, ukigusa tu unayeyuka, unatandaa, unageuka mvuke, unaenda kuganda kwenye plastiki inayopita juu kwa kasi. Chuma hapo kingeliwa na aluminiamu, kauri nyingi zingegoma kupitisha umeme. Hata hicho kidau kinalika kidogo kidogo, lazima kibadilishwe.

Kuichonga titani diboridi nayo ni kazi, inavunjika kirahisi, kwa hiyo mara nyingi wanaikata kwa cheche za umeme, kitu ambacho kauri isiyopitisha umeme haikubali.

Angani ndo kuna mtihani. Mwaka 1997 NASA walirusha chombo chenye ncha kali ya hafni diboridi kuona kama itahimili joto la kurudi kwenye hewa. Shida siyo kuyeyuka, shida ni oksijeni: boroni inaungua inakuwa kama kioo cha majimaji kinachofunika uso na kuulinda, safi kabisa, ila ukipita nyuzi 1,200 hivi hicho kioo kinaanza kuwa mvuke kinaondoka. Ndo maana wanaongeza kabidi ya silikoni, kioo kinakuwa kizito na kinavumilia mpaka karibu 1,600. Zaidi ya hapo bado watu wanahangaika maabara.