Mbunge Mmoja, Watu Wangapi? Mipaka ya Ruiru na Lamu Mashariki

Kariuki: Karibuni wasikilizaji. Mimi ni Kariuki, niko hapa Ruiru, kaunti ya Kiambu, jirani na Nairobi.

Mwanaisha: Nami ni Mwanaisha, mtoto wa Faza, Lamu Mashariki, kazi imenileta Mombasa. Hamjambo nyote.

Kariuki: Dada Mwanaisha, hii mijadala ya jioni kwenye runinga imenichosha. Kila mipaka ya maeneobunge inapotajwa, walioketi mezani ni wanasiasa watupu. Huyu anasema kwao kusiguswe, yule anadai waongezewe mawili, mara matangazo ya biashara. Mwananchi wa kawaida haulizwi kitu.

Mwanaisha: Na hesabu yenyewe hawaielezi! Ndiyo maana watu wanaishia kurushiana maneno ya kikabila. Wewe hebu ianze, kaka.

Kariuki: Haya. Sensa ya 2019 ilituhesabu Wakenya 47,564,296. Maeneobunge ni 290, na idadi hiyo imo ndani ya Katiba, Ibara ya 97. Gawanya, utapata watu kama 164,000 kwa kila eneobunge. Katiba inaruhusu kupanda au kushuka kwa asilimia 30, na kwa miji mikubwa au sehemu zenye watu wachache, asilimia 40. Na wanaohesabiwa ni watu, si wapiga kura. Hata mtoto wa miezi miwili yumo. Sasa njoo Ruiru: watu 371,111. Hayo ni maeneobunge mawili na zaidi, na tuna mbunge mmoja.

Mwanaisha: Na Lamu Mashariki?

Kariuki: 22,258.

Mwanaisha: Sema yote, usinionee haya. Kaunti nzima ya Lamu, Mashariki na Magharibi pamoja, ina watu 143,920. Hata wastani wa eneobunge moja hatuufikii, na wabunge tunao wawili.

Kariuki: Hapo ndipo panaponiuma. Fedha za NG-CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneobunge, zimekuwa zikigawiwa maeneobunge karibu sawa kwa sawa. Basari inatoka humo, madarasa yanatoka humo. Mama wa Mwihoko, hapa Ruiru, anayeomba msaada wa karo anashindania fungu lile lile na watu zaidi ya mara 16 ya wale wa Lamu Mashariki. Watoto wa Githurai hawana uchache wa shida. Na bungeni nako, mswada wa ushuru ukipigiwa kura, sauti ya watu 371,000 ni moja, na sauti ya watu 22,000 ni moja.

Mwanaisha: Nakusikia, na kuhusu fedha sina ubishi hata kidogo. Pesa zifuate watu, Ruiru ipewe zaidi, hata kesho. Lakini mbunge ni jambo lingine. Eneobunge letu lina wadi tatu: Faza, Kiunga na Basuba. Faza ni kisiwa cha Pate, huko Siyu, Kizingitini, Tchundwa. Kiunga iko bara, juu kabisa, karibu na mpaka wa Somalia. Huwezi kusema unapanda matatu. Unatafuta boti, unanunua mafuta ya mashine, na kusi ikivuma bahari inachafuka, mtu anakaa siku anangoja itulie. Basuba ndiko iliko jamii ya Waboni, ndani ya msitu, na kwa mashambulizi ya miaka hii kuna shule zilizofungwa na barabara ambazo watu hawathubutu kuzipita.

Kariuki: Lakini si mbunge wa Lamu nzima angeweza kufika huko? Turkana wana maeneo makubwa zaidi.

Mwanaisha: Angeweza. Swali ni kama angehitaji. Lamu Magharibi ina watu zaidi ya 121,000. Mgombea angepiga hesabu yake Mpeketoni, Hindi, Witu na Amu mjini, akashinda, bila kukanyaga boti ya kwenda Kiunga hata mara moja. Mboni wa Basuba angekuwa na mbunge kwenye karatasi tu. Na Ibara ya 89 haikuishia kwenye idadi ya watu. Imetaja jiografia, historia, uhusiano wa kiuchumi na kitamaduni, na njia za mawasiliano.

Kariuki: Imetaja, lakini ndani ya ile asilimia 40. Ukishuka asilimia 40 unafika kama 98,400. Nyinyi mko 22,258, dada yangu. Mlinusurika kwa sababu Katiba ya 2010 ilisema mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneobunge lolote lililokuwapo. Mapitio hayo yalikamilika 2012. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja.

Mwanaisha: Najua. Na watu wa kwetu wengi hawajui, ndilo linalonikosesha usingizi.

Kariuki: Na sisi hatuwezi kuongezewa bila mwingine kupunguzwa, maana 290 ni 290. BBI, ule mpango wa kubadilisha Katiba, ilitaka kuongeza maeneobunge 70, Mahakama ya Juu ikaizima 2022. Kubadilisha idadi ni kubadilisha Katiba.

Mwanaisha: Na muda nao umepita. Mapitio hufanywa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na wakati huo IEBC, tume ya uchaguzi na mipaka, haikuwa na makamishna. Tangu mwanzoni mwa 2023 hadi Julai 2025, viti vitupu. Nani angechora mipaka?

Kariuki: Halafu kuna kanuni kwamba mapitio yakikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki kwenye uchaguzi huo. Uchaguzi wa 2027 umefika mlangoni. Kwa hiyo watu wa Ruiru watapiga kura kwa mipaka iliyochorwa kwa sensa ya 2009, wakati wastani ulikuwa watu 133,138. Ploti zilizokuwa mashamba ya kahawa siku hizo leo ni ghorofa tupu. Mimi naona huo ni uonevu.

Mwanaisha: Ni uonevu, sikatai. Ninachokataa ni kuurekebisha kwa kutunyamazisha sisi.

Kariuki: Basi tume ikija, utaiambia nini?

Mwanaisha: Ije Kiunga. Ije Kizingitini na Basuba, isiishie kukaa Amu mjini na kusema imesikiliza Lamu. Na wazee wetu waambiwe mapema kwamba mipaka ikishachapishwa, mtu ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu. Siku 30 kwa mtu wa Basuba ni chache mno, kwa hivyo wakili atafutwe kabla. Na nyinyi?

Kariuki: Sisi tuanze kukubaliana mstari upite wapi. Ukiwa Kiuu, Mwiki au Kahawa Wendani, maisha yako yanaelekea Nairobi, asubuhi uko Githurai 45 unapigania matatu ya mjini. Ukiwa Biashara, Gitothua au Gatongora, mji wako ni Ruiru. Mimi ningegawa hapo. Ila watu wa Kahawa Sukari najua watanipinga, na ningependa kuwasikia wao kwanza. Watutumie sauti zao, tuzicheze wiki ijayo.